Mzee Wetu Amenyamaza: Kumtunza Mzee Aliyefiwa

(Muziki wa kufungua, kisha ushuke polepole.)

Sogeza kiti, punguza moto wa sufuria, tuzungumze kidogo.

Mara nyingi katika kipindi hiki tunazungumza juu ya mtoto: chanjo zake, uji wake, kuhara kwake. Leo tunataka kuzungumza juu ya mtu mwingine aliye katika boma lako. Huenda unamwita ayeyo, huenda unamwita akoo, huenda unamwita nyanya au babu. Katika nyumba nyingi, mama yule yule anayemnyonyesha mtoto ndiye anayempikia na kumwogesha mama mkwe au baba mkwe. Mikono ni miwili tu, na wa kutunzwa ni wengi.

Wazee wetu wanaishi wapi?

Katika nchi kama Marekani kuna mitaa mizima iliyojengwa kwa ajili ya watu waliostaafu. Huko wazee huishi pamoja, hucheza, huchagua viongozi wao, hugombana juu ya mambo ya mtaa, na huzikana. Hapa Kenya nyumba za kutunzia wazee ni chache, na wengi wetu tungeona aibu kumpeleka mzazi huko. Kwetu sisi makao ya mzee ni boma la mwanawe.

Lakini tukumbuke historia ya mji wetu. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vilivyoisha mwaka wa 1918, baadhi ya askari wa Kisomali waliotumikia jeshi la Waingereza walipewa makao hapa Isiolo. Kwa hiyo mji huu, tangu mwanzo wake, ni mahali ambapo watu waliomaliza kazi zao walikuja kupumzika na kulea wajukuu. Hadi leo wapo waliostaafu jeshini, walimu, madereva na wafanyakazi wa serikali waliobaki hapa. Na wapo wafugaji wazee ambao hawakuwahi kustaafu kwa barua. Wao walistaafishwa na ukame.

Mfano wa nyumba moja

Tuchukue mfano. Haya si mambo ya jirani yako fulani, ni mambo ya nyumba nyingi zilizowekwa pamoja.

Tuseme kuna mama anayeishi Kulamawe. Anaamka alfajiri kupokea maziwa ya ngamia kutoka malishoni, ayachunguze, kisha yapakiwe kwenye basi kupelekwa Eastleigh, Nairobi. Ana watoto watatu. Katika boma lake kuna baba mkwe mwenye miaka 76. Mke wa mzee huyu alifariki miezi minane iliyopita. Tangu siku hiyo mzee amenyamaza. Akiletewa chakula anasema, "Nimeshiba." Akiulizwa kama anaumwa anasema, "Sijambo." Zamani alikuwa akienda kukaa chini ya mti na wenzake, sasa haendi. Mama huyu anafikiri mzee amemkasirikia. Anawaambia majirani, "Baba ananuna. Labda hapendi ninavyopika."

Je, ni kweli ananuna? Hebu tuhesabu vitu alivyopoteza mzee huyu.

Kwanza, amepoteza mke waliyeishi pamoja kwa zaidi ya miaka 40. Ni yeye aliyejua chai yake iwe na sukari kiasi gani. Ni yeye aliyemkumbusha dawa ya presha.

Pili, amepoteza mifugo. Kutoka mwisho wa mwaka wa 2020 hadi mwanzo wa 2023, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo, na nchini Kenya zaidi ya mifugo milioni 2 ilikufa. Kwa mfugaji, ng'ombe si mali tu. Ni jina lake, ni mahari ya wanawe, ni neno lake kusikilizwa barazani.

Tatu, amepoteza sauti. Zamani aliitwa kwenye vikao vya wazee wa dedha, wanaoamua malisho gani yafunguliwe na yapi yafungwe. Sasa macho yana ukungu, magoti yanauma, na hakuna anayekuja kumchukua. Wakati wa kampeni za uchaguzi huja vijana na gari kumpeleka mkutanoni, apigwe picha na mgombea. Kura zikishahesabiwa, gari halirudi.

Nne, msiba mpya huamsha msiba wa zamani. Mwenye miaka 76 leo alikuwa mtoto wakati wa vita vya shifta, kuanzia 1963 hadi 1967. Waborana wa Waso wanaukumbuka wakati ule kwa jina la gaafa dhaabaa, yaani wakati wa kusimamishwa, kwa sababu watu walizuiwa kambini na mifugo mingi ikapotea. Huenda mzee alizika ndugu wakati ule bila kupewa nafasi ya kulia. Leo anapomlilia mke, huenda analilia na wale wengine.

Kwa hiyo mama, kabla ya kusema mzee ananuna, jiulize: amepoteza nini?

Usiku wa kuchanganyikiwa

Turudi Kulamawe. Usiku mmoja mzee aliamka akaanza kumwita marehemu mkewe kwa jina. Alitaka kutoka nje kufungua zizi ambalo halipo tena. Hakumtambua mjukuu wake. Asubuhi alikuwa na usingizi mzito, na jioni akachanganyikiwa tena. Jirani mmoja alisema ni majini. Mwingine alisema, "Ni uzee tu, muacheni."

Mama huyu alifanya jambo la maana. Alijiuliza: jana alikuwa hivi? Jibu lilikuwa hapana. Siku tatu tu nyuma alikuwa akitaja majina ya watu wote. Akamwita mhamasishaji wa afya ya jamii, wakampeleka mzee kituo cha afya. Kule walimpima joto, presha, sukari na mkojo. Ikaonekana ana maambukizo ya njia ya mkojo, na mwili wake umepungukiwa na maji. Alikuwa amepunguza kunywa maji ili asisumbue watu kumpeleka chooni usiku. Alitibiwa, na baada ya siku chache akili ikarudi.

Msikilizaji, shika sana jambo hili. Mzee akichanganyikiwa kwa ghafula, kwa muda wa saa chache au siku chache, huo si uzee. Hiyo ni hatari. Sababu inaweza kuwa maambukizo ya mkojo au ya mapafu, malaria, kukosa maji, sukari kushuka au kupanda, dawa alizomeza vibaya, au kiharusi. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Kusahau kunakokuja polepole, kwa miezi na miaka, ni jambo jingine. Mzee anauliza swali lile lile mara tano. Anapotea katika njia aliyoipita maisha yake yote. Anavaa nguo kinyume. Huo huitwa ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Ni ugonjwa wa ubongo. Si laana, si uchawi, wala si utundu. Haufanani na kule kusahau kidogo ambako kila mzee anako, kama vile kusahau alipoweka fimbo yake. Kwa kawaida hauponi, lakini mgonjwa akitunzwa kwa utaratibu, bila kupigiwa kelele, anaishi vizuri zaidi. Naye pia anahitaji kupimwa na daktari, kwa kuwa wakati mwingine kinachoonekana kama kusahau ni kutosikia vizuri, mtoto wa jicho, upungufu wa damu, au huzuni.

Huzuni ya kawaida na ugonjwa wa huzuni

Baada ya matibabu, mzee wa Kulamawe hakumwita tena mkewe usiku. Lakini bado alikuwa kimya. Hapa sasa tunafika kwenye huzuni yenyewe.

Kufiwa si ugonjwa. Mtu aliyefiwa hulia, hukosa usingizi, hukosa hamu ya kula. Huzuni hiyo huja kama mawimbi. Leo analia, kesho anacheka na mjukuu, keshokutwa analia tena anapoona leso ya marehemu. Kila jamii hapa Isiolo ina desturi zake za kumsaidia. Mjane Mwislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi. Wengine wana matanga na maombi. Desturi hizi ni nzuri kwa sababu zinamwambia mfiwa: hauko peke yako.

Shida huanza watu wanapotawanyika. Siku za mwanzo boma limejaa. Baada ya wiki chache birika la chai ni dogo tena, na ndipo upweke unapoingia. Inajulikana kwamba miezi ya kwanza baada ya kufiwa na mwenzi ni wakati wa hatari kwa afya ya mzee. Anaacha dawa, hali vizuri, halali, na magonjwa ya moyo na presha yanapata mwanya. Kwa hiyo andika tarehe ya msiba, na katika mwaka ule wa kwanza mwangalie kwa macho mawili. Ikiwa mjane aliye katika eda ni mgonjwa, asizuiwe kwenda hospitali. Kama familia ina wasiwasi, muulizeni imamu wenu.

Je, utajuaje kwamba huzuni imekuwa ugonjwa? Angalia kama dalili hizi zinadumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi:

- Hafurahii jambo lolote, hata yale aliyoyapenda.
- Anakonda, au chakula kinarudi kama kilivyoletwa.
- Anaamka saa nane za usiku na kukaa macho hadi alfajiri, au analala mchana kutwa.
- Analalamika juu ya maumivu ya mwili mzima, na vipimo havionyeshi kitu.
- Haogi, habadilishi nguo, ameacha kusali ilhali alikuwa mtu wa kusali.
- Anasema yeye ni mzigo, au heri angemfuata marehemu.

Wazee wengi hawatasema, "Nina huzuni." Watasema, "Mgongo unauma," au, "Sina nguvu." Sikiliza lililo nyuma ya neno.

Na akisema heri afe, usimkemee kwa kusema, "Usikufuru." Keti karibu naye umwulize kwa upole: "Baba, umewahi kufikiria kujidhuru?" Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo. Kunamfungulia mlango aseme. Akisema ndiyo, usimwache peke yake. Ondoa kamba, visu, dawa za mifugo na sumu ya panya, kisha mpeleke hospitali. Usiogope kwamba atashtakiwa. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba sheria ya kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua inapingana na Katiba. Ugonjwa wa huzuni una matibabu, ya mazungumzo na ya dawa, hata katika umri wa miaka 80. Usimnunulie vidonge vya usingizi dukani kwa kubahatisha, maana vinaweza kumwangusha au kumchanganya zaidi.

(Muziki mfupi.)

Kazi za kila siku

Sasa mama, huenda unasema, "Haya yote nitayafanya saa ngapi?" Tuangalie mambo machache yanayowezekana hata kwa mtu mwenye shughuli nyingi.

Maji. Joto la Isiolo unalijua. Mzee hasikii kiu kama kijana, kwa hiyo usingoje aombe. Mwekee jagi lake asubuhi, na umwambie mjukuu kazi yake ni kuhakikisha limeisha kabla ya magharibi. Kama daktari amemwambia apunguze maji kwa ajili ya moyo au figo, fuata alivyosema. Mwekee ndoo au chombo cha haja ndogo karibu na kitanda usiku, ili asiogope kunywa.

Chakula. Mzee asiye na meno hawezi nyama ngumu. Mpe chakula laini, kidogo kidogo, mara nyingi: uji wenye maziwa, maharagwe yaliyopondwa, mayai, ndizi, maembe. Chemsha maziwa. Maziwa mabichi yanaweza kuleta ugonjwa wa homa na maumivu ya viungo unaoenea kutoka kwa mifugo. Punguza chumvi ikiwa ana presha. Na zaidi ya yote, asile peke yake. Sahani iliyoachwa mlangoni hurudi imejaa. Sahani inayoliwa pamoja na wajukuu huisha.

Dawa. Zitie mahali pamoja, na mtu mmoja ajue saa zake. Presha haionekani kwa macho, kwa hiyo ipimwe kila anapokwenda kliniki. Ikiwa inafika 140 kwa 90 au zaidi mara kwa mara, ni ya juu. Mzee wa presha anayetafuna miraa aongee na daktari, kwa sababu miraa hupandisha presha na kufukuza usingizi. Ukiona mdomo umepinda, mkono umelegea, au maneno hayaeleweki, hicho ni kiharusi. Usingoje kesho.

Kuanguka. Ondoa mawe na kamba njiani, weka taa usiku, mpe viatu visivyoteleza. Mfupa wa nyonga ukivunjika, mzee wengi wa umri huu hawatembei tena kama zamani. Asiyeweza kuinuka kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda.

Mazungumzo. Mpe kazi ndogo yenye heshima: kuwahesabu mbuzi wakirudi, kumfundisha mjukuu majina ya koo, kuchambua maharagwe. Mwulize habari za zamani. "Baba, mwaka wa Uhuru mlikuwa wapi? Ukame wa 1984 mliuvuka vipi?" Mtaje marehemu kwa jina. Watu wengi huogopa kumtaja wakidhani watamwumiza mzee. Kinachomwumiza zaidi ni kuona kwamba wote wamesahau.

Siasa za nyumbani

Lipo jambo ambalo huleta ugonjwa bila kuitwa ugonjwa. Ni nani anayeamua?

Serikali hutoa fedha za Inua Jamii kwa wazee waliosajiliwa wenye miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi. Mpango huo ulifunguliwa kwa wazee wote wa umri huo mwaka wa 2018. Mzee anaweza kuwa na mtunzaji aliyeandikishwa wa kumsaidia kupokea. Ni msaada mzuri, lakini katika nyumba nyingi umekuwa chanzo cha ugomvi. Shemeji anasema, "Kadi ikae kwangu." Wifi anasema, "Fedha za baba zinaliwa na watoto wako." Na mzee mwenyewe, ambaye fedha ni zake, ameketi pembeni na hakuna aliyemwuliza.

Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo yanayofaa kutoka kwa familia na kwa serikali. Kumnyang'anya mzee fedha zake, kumfungia ndani, kumtukana au kumnyima chakula ni dhuluma. Ukiona hivyo, zungumza na wazee wa mtaa, chifu, au ofisi ya maendeleo ya jamii.

Ushauri wetu ni huu. Iteni kikao kifupi cha familia, mzee mwenyewe akiwepo na akizungumza kwanza. Kubalianeni nani apokee fedha, zinunue nini, na nani atakaa na mzee siku ambayo mama amekwenda sokoni. Wekeni daftari. Daftari humlinda mzee, na humlinda pia mama anayetunza asisingiziwe. Pia hakikisheni mzee amesajiliwa na SHA, iliyochukua mahali pa NHIF tangu Oktoba 2024, na kitambulisho chake kiko mahali salama.

Katika mfano wetu, kikao kama hicho ndicho kilichofungua mdomo wa mzee wa Kulamawe. Alisikiliza wanawe wakibishana juu ya kadi, kisha akasema: "Fedha nunueni dawa. Mimi ninataka mtu wa kunipeleka msikitini siku ya Ijumaa, na kuniacha chini ya mti." Lilikuwa ombi dogo tu. Kijana mmoja wa boda boda, mwana wa jirani, alikubali kuwa anampitia. Machozi hayakuisha, na mkewe hakurudi. Lakini Ijumaa ya tatu alirudi nyumbani na habari ya kusimulia, akaomba chai ya pili.

Na wewe unayetunza?

Mama, huzuni ya mzee inaingia nyumba nzima. Huenda marehemu alikuwa mama mkwe wako, na wewe pia ulimpenda. Ukiona unakosa usingizi, unawafokea watoto, unatamani kukimbia, hiyo si dhambi. Ni uchovu. Usijifiche. Mwambie mume wako, wifi zako na kikundi chako cha akina mama. Omba mapumziko hata ya nusu siku kwa wiki. Kutunza mzee si kazi ya mke wa mwana peke yake. Wana wa kiume nao wanaweza kumwogesha baba yao.

Mambo ya kukumbuka

1. Kuchanganyikiwa kwa ghafula si uzee. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.
2. Huzuni inayodumu wiki mbili au zaidi bila nafuu inahitaji mhudumu wa afya.
3. Maji, chakula cha pamoja, na dawa kwa saa yake.
4. Mzee aulizwe kwanza katika mambo yake.
5. Anayetunza naye atunzwe.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi chenu

Katika mtaa wenu, ni mzee gani aliyefiwa mwaka huu? Nani alimtembelea wiki iliyopita? Ni kazi gani ya heshima ambayo wazee wenu bado wanaweza kufanya?

Wapendwa, muda wetu umekwisha. Jioni ya leo, kabla ya kulala, keti dakika chache karibu na mzee wako. Si lazima mzungumze. Kuketi pale kunatosha kuanza. Kwaherini, na Mungu awabariki.

(Muziki wa kufunga.)